Apu mbili zikitaka kusomeana data: ruhusa ya kutunga mwenyewe kwenye Android

Haya, mnanisikia huko nyuma? Tuanze basi. Tuseme una apu mbili kwenye simu ileile ya muuzaji, moja ya mauzo nyingine ya stoo, na ya stoo inataka isome mauzo hapohapo bila kuzunguka kwenye seva. Njia ya kawaida ni kontenti provaida, yaani sehemu ya apu inayotoa data yake kwa apu nyingine. Sasa mtu anaweka android:exported="true", yaani provaida iko wazi kwa apu za nje, inafanya kazi, anafurahi anaenda kulala. Ndugu yangu, hata apu ya tochi aliyoidaunlodi muuzaji jana inaweza kusoma mauzo ya duka zima!

Kwa hiyo unatunga ruhusa yako. Kwenye manifesti ya apu yenye data, lile faili linaloieleza apu kwa Android, unaandika <permission>, unaipa jina linaloanza na jina la pakeji yako, kisha kwenye provaida unaweka android:readPermission na jina hilohilo, na kama stoo itaandika pia basi writePermission iwe nyingine kabisa. Apu ya stoo inaomba kwa <uses-permission>. Jina likopi, usiliandike kwa mkono, maana ukikosea herufi moja pale kwenye provaida umeilinda kwa ruhusa ambayo haipo, na mjanja anaweza kuitangaza hiyohiyo iliyokosewa kwenye apu yake akajipa mwenyewe.

Ila mambo yote yako kwenye protectionLevel, yaani kiwango cha ulinzi unachoipa ile ruhusa. Usipoandika kitu Android inachukua "normal", yaani apu yoyote ikiomba inapewa ikiwekwa tu, mwenye simu haulizwi. "dangerous" anaulizwa, tangu Android 6 anaulizwa apu ikiwa inatumika, lakini muuzaji ana foleni ya wateja atabonyeza kubali tu, na tuseme kweli nani huwa anasoma yale maandishi? Ya kwenu ni "signature". Hapo simu inalinganisha cheti kilichosaini apu hizi mbili, yaani alama ya kidijitali ya mtengenezaji inayotokana na ufunguo wake wa siri, vikifanana ruhusa inatoka kimyakimya, visipofanana hakuna cha kuomba wala kubembeleza.

Na hapa ndo watu wanakwama. Kwenye laptop kila kitu kinakubali kwa sababu Android Studio inasaini apu zako zote za majaribio kwa ufunguo mmoja wa debug, yaani wa majaribio tu, sasa mkishapeleka Play, Google ndo anasaini, na kama mliacha kila apu itengenezewe ufunguo wake vyeti vinakuwa viwili, stoo inapigwa SecurityException, kosa la kukosa ruhusa, mchana kweupe. Mkisajili apu ya pili chagueni itumie ufunguo wa ile ya kwanza, mapema, kabla haijatoka. Apu ikiwa ya kampuni nyingine, Android 12 imeleta knownSigner, unaorodhesha vyeti unavyoviamini.

Halafu kuanzia Android 11 apu hazionani hovyo, stoo iweke <queries> kwenye manifesti yake ikitaja apu ya mauzo, la sivyo utapata null tupu, yaani hakuna kitu, na utalaumu ruhusa bure.

Mkimaliza tengenezeni apu ya tatu, isaini kwa ufunguo mwingine kabisa, iambieni isome mauzo. Ikisoma, rudini kwenye manifesti. Haya, nani ana swali?