Odoo Inasema Moduli Haipo: Tuitafute Pamoja

Assalaam alaykum, karibuni. Leo nipo Darajani, kwenye duka la jumla la viungo. Mfumo wao ni Odoo, programu ya kuendeshea biashara, umekaa kwenye seva ya Ubuntu. Kuna moduli mpya ya stoo, yaani kipande cha kuongeza kwenye Odoo, wanataka kuiweka, lakini kila wakibonyeza wanaambiwa inategemea moduli nyingine ambayo haimo kwenye mfumo.

Usikimbilie kufuta Odoo nzima uanze upya. Kosa litarudi vilevile, maana kilichokosekana bado hujakileta.

Kwanza bakapu. Kwenye anwani ya seva ongeza /web/database/manager, chagua zip ili viambatisho navyo vije, pakua. Hapo sina mjadala.

Sasa tufungue logi, faili ambamo Odoo inaandika matukio na makosa yake. Kwenye terminali andika hivi:

sudo tail -n 50 /var/log/odoo/odoo-server.log

Usitishike na huo msururu. Uanze kuusoma kutoka chini. Mstari wa mwisho wa kosa lenyewe ndio unaotaja jina la kitu kinachotafutwa. Linakili herufi kwa herufi, pamoja na vistari vyake vya chini.

Tukishapata jina, tunaliangalia kwenye diski. Na hapa ndipo penye mchezo, kwa sababu mara nyingi moduli ipo, ila Odoo haiioni. Tazama folda hii: walipofungua zip, ikatoka folda ndani ya folda. Faili la __manifest__.py, linaloitambulisha moduli kwa Odoo, limezama ngazi moja zaidi. Itoe ile ya ndani, iweke pamoja na moduli nyingine.

Kisha fungua /etc/odoo/odoo.conf, faili la mipangilio ya Odoo, utafute addons_path, mstari unaoiambia Odoo moduli zipo wapi. Njia unayoandika hapo iishie kwenye folda iliyobeba moduli, si kwenye moduli yenyewe. Zikiwa njia mbili, zitenganishe kwa mkato. Angalia na mwenye folda ni nani: ikiwa ni root, yule mtumiaji mkuu wa seva, peke yake na wengine hawana ruhusa ya kusoma, Odoo itapita kama haikuona kitu.

Washa upya:

sudo systemctl restart odoo

Bado! Ingia Odoo, washa hali ya msanidi, nenda kwenye menyu ya moduli, usasishe orodha. Wengi wanairuka hatua hii, halafu wanasema seva mbovu. Tafuta jina sasa... hiyo hapo. Sakinisha.

Kosa likitaja maktaba ya Python, lugha ambayo Odoo imeandikwa nayo, hiyo habari nyingine. Iweke kwenye Python ileile inayotumiwa na Odoo. Kama Odoo ina mazingira yake pepe, yaani folda ya Python iliyotengwa kwa ajili yake, ukiiweka nje haitaonekana.

Na kuna hili la ankara, kaka wa kaunta kaniuliza sasa hivi: PDF inatoka, lakini nembo ya juu na namba ya ukurasa chini hazimo. Hapo tazama Wkhtmltopdf, programu ambayo Odoo inaitumia kutengeneza PDF. Ile inayokuja na hazina ya Ubuntu haijatiwa marekebisho ya Qt, maktaba inayoitegemea, kwa hiyo kichwa na kijachini vinapotea. Iondoe, weka mwenyewe toleo 0.12.6 lenye marekebisho hayo, kisha uchapishe ankara moja ya majaribio.

Ukikwama, niwekee kwenye maoni ule mstari wa mwisho wa kosa kwenye logi na namba ya toleo la Odoo yako. Faili la odoo.conf usilibandike zima, jamani. Mna nywila humo.