Hana Uwezo wa Kuamua Nini?

Ndugu zangu wahudumu,

Hapa England na Wales mtakuta faili la mzee limeandikwa: “Hana uwezo wa kuamua.” Kwa Sheria ya Uwezo wa Akili ya 2005, maneno hayo hayajakamilika. Kuamua nini, na lini? Mtu anaweza kushindwa kuelewa mkataba wa kuuza nyumba, lakini akajua barabara kwamba hataki kuogeshwa na mwanamume.

Sheria humhesabu kila mwenye miaka 16 na zaidi kuwa anaweza. Anayepinga ndiye athibitishe. Na kabla ya kusema hawezi, lazima mzee asaidiwe kwa kila njia iliyopo. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mzee mwenye dimensia, yaani maradhi yanayodhoofisha kumbukumbu na fikra, aliyekulia katika Kiswahili huenda Kiingereza kikamtoka mapema. Ukimuuliza kwa Kiingereza, jioni, amechoka, bila kifaa chake cha kusikilizia, umepima lugha na uchovu. Rudi asubuhi. Tafuta mkalimani asiye mwanawe, maana mtoto huchuja maneno, na pengine ana maslahi katika jambo lenyewe.

Kisha uliza: anaelewa habari zinazohusu uamuzi huu? Anazishika kichwani muda wa kutosha kuamua? Anaweza kuzipima? Anaweza kueleza alichoamua, hata kwa kupepesa jicho? Akishindwa hata moja, ndipo utazame kama chanzo ni hitilafu ya akili au ubongo. Mahakama ya Juu ilisisitiza mpangilio huo mwaka 2021. Ukianza na ugonjwa, jibu utakuwa nalo kabla mzee hajafungua mdomo.

Uamuzi usiowapendeza si ushahidi kwamba hana uwezo. Mwenye kisukari anayezieleza hatari za soda kisha akainywa, ana haki nayo.

Tena jambo linaloumiza familia zetu: mume, mke au kifungua mimba hana mamlaka kwa sababu ya undugu tu. Anahitaji hati ya uwakilishi ya kudumu, iliyosajiliwa, mzee aliyoifanya akiwa bado na uwezo, au ateuliwe na mahakama. Hati ya fedha haigusi matibabu wala makazi. Pasipo hati wala uteuzi huo, huamuliwa kwa manufaa ya mzee, ndugu wakishauriwa na matakwa yake ya zamani yakizingatiwa. Kura, ndoa na kukubali kujamiiana, hakuna wa kumwamulia.

Kwenye faili, andikeni tarehe, saa, swali mliloliuliza na jibu lake kwa maneno yake mwenyewe. Kama alijibu kwa Kiswahili, liandikwe kwa Kiswahili, tafsiri ya mkalimani ifuate chini yake.