Karatasi ya Kwanza Kituoni

Mhadhara kwa wasaidizi wa kisheria, Mombasa

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Najua wengine mmesafiri usiku kucha, kwa hivyo nitaingia moja kwa moja kwenye jambo lililotuleta.

Nianze na kituo cha polisi. Kituo hicho si chetu, kiko Limkheda, wilaya ya Dahod, jimbo la Gujarat huko India. Tarehe 4 Machi 2002 aliletwa pale mwanamke wa Kiislamu, Bilkis Bano, mwenye mimba ya miezi mitano. Siku moja kabla, yeye na jamaa zake walikuwa wakikimbia kijiji chao cha Randhikpur, wakavamiwa njiani. Wanawake walinajisiwa. Watu 14 wa ukoo wake waliuawa, na mmoja wao ni bintiye wa miaka mitatu. Yeye aliachwa akidhaniwa amekufa. Alipozindukana alipanda mlima akiwa uchi, na mwanamke wa jamii ya Adivasi, wenyeji wa asili wa India, maskini kama yeye, akampa nguo ya kujisitiri.

Kituoni alisema yote. Aliwataja waliomtenda, kwa majina, maana walikuwa watu wa kijiji chake, watu aliowaona tangu utotoni. Polisi aliyekuwa akiandika hakuyaandika majina yale. Hakuandika kwamba amenajisiwa. Hakumsomea alichoandika. Bilkis hakujua kusoma, basi akashikwa dole gumba, likatiwa wino, likagandamizwa chini ya karatasi.

Karatasi ile ndiyo mada yangu leo. Mwaka uliofuata faili ilifungwa kwa kukosa ushahidi.

Nataka mwelewe hali ilivyokuwa. Tarehe 27 Februari 2002 behewa la treni liliungua mjini Godhra, wakafa watu 59, wengi wao Wahindu waliokuwa wakirejea kutoka Ayodhya, mji mtakatifu kwao. Kesho yake Waislamu, ambao ni wachache katika jimbo lile, walianza kushambuliwa mji baada ya mji. Takwimu za serikali yenyewe zinataja zaidi ya watu 1,000 waliouawa, wengi wao Waislamu, na Wahindu zaidi ya 250. Mitaa iliungua, makambi yakajaa, na kwenye vituo vya polisi kukatokea mtindo mmoja wa kuandika: matukio mengi yanarundikwa kwenye taarifa moja, na mshukiwa anatajwa kuwa "kundi la watu". Sasa wewe wakili, kundi utalipeleka mahakamani vipi? Kundi halina jina la baba, halina nyumba, haliwezi kuitwa kizimbani.

Jambo linaloniuma ni kwamba sheria ilikuwepo. Tangu 1987 India ina sheria ya msaada wa kisheria inayosema waziwazi kwamba mtu aliyeathiriwa na ghasia za kikabila ana haki ya wakili wa bure. Sisi pia tunayo yetu ya 2016. Lakini saa ile ya wino na dole gumba, Bilkis hakuwa na mtu wa kumwambia polisi, "Ngoja, msomee kwanza."

Kesi yake ilifufuka kwa sababu alipata watu. Alikwenda kwenye Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, kisha mpaka Mahakama ya Juu, nayo mwishoni mwa 2003 ikaamuru upelelezi utoke mikononi mwa polisi wa jimbo uende kwa CBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu. Maiti zikafukuliwa. Mafuvu hayakuwepo, na miili ilikuwa imetiwa chumvi ioze upesi. Mwaka 2004 kesi ikahamishiwa Mumbai, nje kabisa ya Gujarat. Januari 2008 wanaume 11 walihukumiwa kifungo cha maisha. Na yule polisi aliyeandika? Naye alipatikana na hatia, kwa kuandika taarifa isiyo ya kweli. Ninapofundisha nafika hapa nasimama kidogo, kwa sababu ni nadra sana mahakama kuigeukia kalamu yenyewe.

Sasa niwape la pili, la mashahidi. Mjini Vadodara palikuwa na tanuri la mikate, Best Bakery. Tarehe 1 Machi 2002 lilichomwa moto na watu 14 wakafa. Shahidi mkuu alikuwa binti wa familia ile, kijana kabisa. Alipopanda kizimbani mwaka 2003 alisema hakumtambua mtu, na mashahidi wengi wakageuka vilevile. Washtakiwa wote 21 wakaachiliwa. Baadaye akajitokeza Mumbai, akiwa na wanaharakati wa shirika la Citizens for Justice and Peace, akasema alinyamaza kwa kuogopa kuuawa. Aprili 2004 Mahakama ya Juu ilifuta hukumu ile kwa maneno makali dhidi ya viongozi wa jimbo, ikaamuru kesi isikizwe upya Mumbai. Kisha binti yule akageuka tena, akawashutumu haohao waliomsaidia. Mwaka 2006 mahakama ya Mumbai iliwatia hatiani watu tisa bila yeye, na mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikamfunga mwaka mmoja kwa kusema uongo.

Nimewasikia mawakili wakimsimulia binti yule kwa dharau. Mimi siwezi. Fikirini: amewapoteza watu wake kwenye moto, hana nyumba, waliochoma wanajua anakolala, na kila upande unamtaka aseme lake. Tunapenda kusema shahidi "amegeuka", kana kwamba alikuwa amesimama peke yake na upepo haukuvuma. Ulinzi wa shahidi ni kodi ya nyumba inayolipwa kila mwezi, ni karo ya watoto, ni mtu wa kumsindikiza sokoni, tena kwa miaka. Tukiwa hatuna uwezo huo tumwambie ukweli kabla hajasimama, si baada.

Nirudi nyumbani. Mwaka wa kwanza wa uwakili wangu nilimtetea mama mmoja aliyechomewa nyumba na kuuliwa kaka. Watu wa kwao walikuwa wachache pale, nyumba kumi na kitu tu. Kituo sitakitaja. Aliandikisha taarifa siku ya pili, akiwa bado na majivu kwenye nywele. Alizungumza kwa lugha yake, askari kijana akatafsiri, mwingine akaandika kwa Kiingereza. Mimi nilikutana naye miezi minane baadaye, nikaisoma ile karatasi, nikaona "vijana wasiojulikana". Nikamuuliza, "Mama, hukuwajua?" Akanitajia watatu, na mama zao, na mwaka waliotahiriwa.

Mahakamani wakili wa upande wa pili alimpa ile karatasi. "Mama, nionyeshe hapa uliandika jina la mshtakiwa." Akaitazama, akaigeuza upande wa pili, ulikuwa mtupu. "Na hili dole si lako?" Akasema, "Ni langu." Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, na sikuwa na swali lolote la kumwokoa.

Na wale waliokufa kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, siku ya Mwaka Mpya 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi? Washtakiwa wanne waliachiliwa na Mahakama Kuu ya Nakuru mwaka uliofuata, na jaji alilalamika wazi juu ya uzembe wa upelelezi. Kanisa liliungua mchana, mbele ya majirani.

Kwa hivyo kazi ninayowaomba iko kituoni. Wakili atakuja baadaye, pengine baada ya miezi. Wewe uko kijijini leo. Mfuate mtu mpaka kwenye meza. Chukua namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo, uiandike kwenye daftari lako. Omba taarifa isomwe kwa sauti, kwa lugha anayoielewa, na isipokuwa sawa asitie dole mpaka irekebishwe. Wakikataa, andika jina la aliyekataa na saa. Piga picha majeraha kabla hayajapona, fuatilia fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, ijazwe na daktari. Na mjue kwamba Mahakama yetu ya Juu ilithibitisha mwaka 2020 kwamba mwathiriwa ana haki ya kushiriki katika kesi ya jinai kupitia wakili wake, hivyo akiambiwa "wewe ni shahidi tu, nyamaza", mna la kujibu.

Kazi hii ina gharama, na singependa mwingie bila kujua. Teesta Setalvad, mwanaharakati wa lile shirika la Mumbai, alikamatwa Juni 2022, siku moja tu baada ya Mahakama ya Juu ya India kutupilia mbali kesi aliyokuwa akiiunga mkono juu ya ghasia zile za Gujarat. Tena msidhani hukumu ndiyo mwisho. Mwaka 2019 Bilkis aliamriwa kulipwa rupia milioni tano na kupewa kazi na makazi, tukasema sasa amepumzika. Agosti 15, 2022 wale 11 wakatolewa gerezani kwa msamaha wa serikali ya jimbo, wakapokewa kwa mashada ya maua. Wanawake wengine walikwenda mahakamani kwa ajili yake, kisha yeye mwenyewe akaenda. Januari 8, 2024 Mahakama ya Juu ikafuta msamaha ule, na kabla ya mwezi kwisha walikuwa wamerudi ndani. Ilikuwa karibu miaka 22 tangu dole lile litiwe wino.

Kesho tunaanza saa mbili asubuhi na mazoezi ya kuandikisha taarifa, wawili wawili, mmoja askari, mmoja mwathiriwa. Mwenye kujua Kiorma, Kipokomo au Kiboni ajiandikishe kwangu kabla ya kuondoka, maana ninahitaji wakalimani, na nyote mje na daftari jipya.