Sindano Kwanza, Mtumba Baadaye

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wakubwa wangu shikamooni, na wadogo marahaba, maana najua mlikuwa mnakaribia kunisalimia.

Nimeambiwa nizungumze kuhusu kuishi vizuri kwa hela kidogo: mapishi ya nyumbani, kazi za mikono na nguo za mtumba. Mambo matatu, dakika arobaini. Wanaonijua wanacheka, kwa sababu wanajua la mtumba litameza muda wote. Mwenyekiti, usiangalie saa bado.

Nyosheni mikono. Nani amevaa mtumba leo? Mmh. Naona mikono sita, na naona mashati ya mtumba hamsini. (Kicheko.) Haya, swali la pili: nani ana sindano na uzi nyumbani kwake, na anajua vilipo? Siyo "nadhani viko kwenye droo". Anajua. Mmoja, wawili, mama yangu pale nyuma, wanne. Basi ugomvi wangu ni huo, na nimekuwa nao tangu nilipokuwa nafundisha sayansi kimu, wakati wavulana waliambiwa wakalime bustani sisi tukishona. Mpaka leo nikikutana na wavulana wale, sasa ni wazee wenye vitambi, suruali zao zimebanwa na pini.

Sikilizeni jinsi mtumba unavyotembea, halafu mtaelewa kwa nini nang'ang'ana na sindano. Mfanyabiashara ananunua belo limefungwa, kilo arobaini na kitu, hajui kilichomo. Analifungua asubuhi. Wa kwanza kuchagua ni wenye maduka, wale wanaokwenda kuipiga pasi blauzi, wanaitundika kwenye henga na kukuuzia mara nne. Baada yao wanakuja wateja wa kawaida. Siku ya tatu, ya nne, bei inashuka. Mwishoni nguo zinamwagwa chini, mia tano mia tano, mwenye sauti anaimba. Sasa jiulizeni: nguo inayofika chini pale imekosa nini? Mara nyingi kitambaa hakina tatizo. Zipu imekufa. Kifungo kimepotea. Mshono wa kwapani umeachia. Pindo limening'inia. Watu mia wameishika na kuirudisha kwa sababu ya kasoro ya robo saa.

Hiyo tofauti ya bei ya siku ya kwanza na ya siku ya mwisho, ndugu zangu, ndiyo mshahara wa sindano. Usiyejua kushona unawahi belo likifunguliwa na unalipa bei ya kuwahi. Mimi nakwenda wa mwisho, nimeshakunywa chai yangu.

Wacha niwaambie habari ya koti. Waliowahi kuisikia wanivumilie.

Ilikuwa sokoni Karume, Dar es Salaam, mwezi wa saba. Kijana ana koti la sufu la kiume, refu, zito kama mtoto aliyelala. Alianza kulinadi kwa elfu kumi na tano. Lilikuwa limetundikwa hapo wiki tatu. Nani Dar es Salaam atavaa koti la sufu? Aliponiona nimelishika akanitania, "Mama chukua, ukienda Makambako kwenye baridi utanikumbuka." Nikaligeuza ndani nje. Hilo ndilo la kwanza siku zote, geuza ndani nje, maana nje ya nguo ni maneno ya muuzaji na ndani ndiko kwenye ukweli. Bitana imechanika kwapani. Mgongoni pana tundu la nondo, dogo kama senti. Lakini vifungo sita vya pembe, vizima. Pindo la mikono upana wa vidole vinne. Na kitambaa, jamani, kitambaa! Nikampa elfu tatu, akanipa na mfuko.

Nyumbani mwanangu akaniuliza kama nimepata safari. Sikumjibu. Nilikaa jioni nne na wembe nafumua. Kufumua nako kuna adabu: huvuti kitambaa. Unakata mshono mmoja kila baada ya mitatu upande huu, halafu unavuta uzi wa upande wa pili, unakuja wote kama mnyoo. Ukivuta kwa hasira umechana kitambaa, na hapo wa kumlaumu ni wewe.

Vifungo nikaviweka kwenye kopo. Bitana ikawa ya sketi yangu, hii niliyoivaa. Sufu nikaiosha kwa maji ya moto na sabuni, nikaisugua kwa nguvu, kwa makusudi. Mtu anayejua nguo angenikemea, kwa sababu sufu ukiifanyia hivyo inajikunja na kushikamana ikawa nene. Ndivyo nilivyotaka. Sufu iliyoshikamana hata ukiikata haichomoki nyuzi. Nikapata vishikio vya sufuria, ambavyo haviyeyuki kama vile vya nailoni vinavyokuunguza na kukugandia mkononi kwa pamoja. Kipande kikubwa kilichobaki kiko ndani ya hili kapu hapa mbele yenu. Nitalifikia.

Kwanza kuna dada hapa ana swali tangu mwanzo, namwona macho. Anataka kuniuliza nilijuaje kuwa ni sufu na si poliesta. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo kwa ndani, uwashe. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha jivu laini. Sufu inanuka nywele zilizoungua na haishiki moto vizuri. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha punje ngumu nyeusi. Nakuomba lakini ufanye nyumbani kwa nguo zako mwenyewe, mpaka vidole vijue vyenyewe bila moto. Usiwashe kiberiti sokoni. Soko la Karume liliungua Januari 2022, watu walilala na mtaji wakaamka na majivu. Wakikuona na kiberiti kwenye mitumba, mimi simo.

Sasa najua kuna ndugu yangu hapa, kawaida ni mwanamume na kawaida ana kalamu mfukoni, anayejiandaa kuniambia: mwalimu, mitumba imeua viwanda vyetu, na wewe unaitetea. Kaka, nimekusikia kabla hujasema. Mimi siyo balozi wa mitumba. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo tulijengewa na Wachina miaka ya 1960, na kanga zake nilizivaa. Mwaka 1983 nilikuwa na hela mkononi na nguo hakuna dukani, foleni inazunguka jengo. Mlango wa biashara ulipofunguliwa kuanzia 1984 mitumba ikaingia, tukaiita kafa Ulaya, kama kwamba ni nguo za marehemu wa huko, tukaivaa hivyo hivyo. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakakubaliana kuiondoa hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kutunyima nafasi ya kuuza kwao bila ushuru, nchi moja moja zikalegea. Rwanda peke yake ikakaza: ushuru wake ulikuwa umepanda kutoka senti 20 za dola mpaka dola mbili na nusu kwa kilo, na 2018 ikanyimwa ile nafasi upande wa nguo. Kwa hiyo siyo mimi na sindano yangu tuliokwamisha viwanda. Na sehemu kubwa ya pamba yetu inatoka nchini ikiwa bado pamba. Lilieni hilo kwanza. Siku kiwanda kitakapofufuka, shati lake nalo litatoka kifungo, na sindano itakuwa ile ile.

Kuna na wa pili, huyu anasema natukuza umaskini. Anasema, wenye nazo wananunua vipya, sisi tunaambiwa tufurahie viraka. Huyu nachukia kumjibu kwa sababu ana ukweli kidogo. Kuna kubana matumizi kwa aibu, kula gizani ili majirani wasione. Sizungumzii hilo, na aliyebanwa kiasi hicho hahitaji mhadhara, anahitaji mshahara. Mimi nazungumza na wewe unayepata kidogo na kukitupa. Unanunua suruali elfu nne, zipu inakufa, unanunua nyingine, na ile ya kwanza inakuwa dekio. Mwaka ukiisha umelipa bei ya suruali mpya na una madekio matano. Hiyo siyo bei rahisi. Umelipa ghali kwa mafungu.

Nguo za ndani za mtumba msiniulize. Shirika la Viwango limezikataza, na hata lisingekataza. Tuendelee.

Kapu. Hili ni kapu la ukili, ndilo ninaloivishia chakula bila moto, nimelinunua kwa mama mmoja Bagamoyo. Ukili unasukwa kwa miyaa, yale majani ya kusukia: inakatwa, inaanikwa juani mpaka iwe nyeupe, inachanwa, ukitaka rangi inachemshwa na rangi, halafu inasukwa utepe mrefu unaopimwa kwa pima, yaani upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, na utepe ule ndio unaoshonwa ukizungushwa mpaka kapu lisimame. Kushonwa. Mmeona? Sindano tena. Ndani nimepigia ile sufu ya koti, tabaka mbili, katikati nimeshindilia sufi, ile ya mti wa msufi, niliyoitoa kwenye mto uliochakaa. Juu pana mto mwingine wa kufunikia.

Asubuhi unachemsha maharage yaliyolowekwa usiku kucha. Hapa nisikilizwe vizuri, kwa sababu kuna watu wanaliharibu hili halafu wanasema mwalimu alituumiza matumbo. Maji ya kulowekea mwaga. Weka mapya, chemsha kwa nguvu, yatokote, dakika kumi kamili bila kupunguza moto. Maharage mekundu hasa yana sumu inayovunjwa na mchemko, haivunjwi na uvuguvugu. Mimi nayaacha nusu saa. Sufuria ijae, nusu sufuria inapoa haraka. Kisha unaifunika na mfuniko wake, unaitumbukiza kwenye kapu ikiwa bado inatokota, unafunika na mto, unakwenda kazini. Moto umezimwa. Maharage yanaiva yenyewe kwa joto lake. Ukirudi unayachemsha tena kabla ya kula, hiyo nayo ni lazima, na hapo ndipo unaweka tui.

Tui! Nani anakuna nazi siku hizi? Sawa, blenda siikatai, mimi nayo ninayo. Lakini tui la kwanza na la pili msiyachanganye. La pili, lile jepesi, ndilo la kuchemshia na kitunguu na bilinganya zako. La kwanza, zito, linaingia mwishoni, moto mdogo, unakoroga polepole, likikatika umeharibu. Watoto wa siku hizi wanamimina lote mara moja halafu wanauliza kwa nini mchuzi una mafuta juu na maji chini. Sahani ya maharage ya nazi na wali na mchicha, ukila kwako, haifikii hela ya chipsi mayai. Chipsi mayai naipenda, msinisingizie. Lakini usile kila siku halafu uniambie hela haitoshi.

Mwenyekiti ananionyesha vidole vitano. Dakika tano. Nilijua.

Haraka basi, kazi za mikono. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, wote tukashangilia, tukasema vikapu vinarudi, wasukaji watapumua. Kilichorudi ni nini? Mifuko ile laini ya kiwandani, inayofanana na kitambaa na si kitambaa. Inachanika mshikio kabla hujafika nyumbani. Kapu langu hili mwaka wa sita. Na mnapokwenda kwa msukaji mnapunguza bei mpaka mama wa watu anainama. Dukani kwenye kiyoyozi hampunguzi hata shilingi. Mimi hilo linaniuma, lakini muda hakuna.

Nilitaka kusema kuhusu kanga: doti iliyochakaa katikati, pande zake bado nzima, unavyoweza kuzikata na kuziunga. Nilitaka kusema kuhusu kiporo. Kuhusu kofia za vito, zile zinazodariziwa kwa mkono, nilikuwa na maneno mengi. Vyote vimekwenda na lile koti. Mwakani mkiniita nitaanza na kofia, na mtaniona nimeishia kwenye koti tena.

Sasa, maharage yaliyo kwenye kapu hili niliyatoa jikoni kwangu saa kumi na mbili asubuhi. Sasa hivi ni saa tano na robo. Dada, hebu toa mto. Fungua mfuniko, geuza uso kwanza, mvuke huo. Mnaona? Kijana, chukua moja ulibonyeze kwa vidole viwili. Limevunjika au halijavunjika? Sema kwa sauti, wa nyuma wasikie.

Limevunjika. Haya. Jiko la gesi liko pale dirishani, tunayachemsha tena, tui liko kwenye chupa, wali umeletwa na akina mama. Yakitokota mnapanga foleni. Na kwenye meza ya mlangoni kuna sindano na uzi, mweusi na mweupe tu, rangi nyingine sikupata. Kila mwenye kifungo kilichotoka akae pale akishone wakati chakula kinapashwa. Wewe kaka wa kalamu, anza wewe; nimeona mkono wako wa shati tangu ulipoingia.