Msikilizeni Akinyamaza

Mabibi na mabwana, hamjambo? Wazazi mliokuja na watoto, karibuni. Na nyinyi wa nyuma kabisa sogeeni, viti vya mbele haviumi.

Nimepewa dakika tano kabla tamasha halijaanza. Mimi hupiga fidla safu ya pili, mahali ambapo hata mama yangu hunitafuta kwa darubini. Ila nimefanya mazoezi na binti huyu, mpiga piano wetu, wiki tatu, na kuna jambo litakalowapita mkitazama vidole vyake tu.

Usiku huu anapiga konseto ya nne ya Beethoven, yaani muziki wa mpigaji mmoja akizungumza na okestra nzima. Konseto za zamani hizo kwa kawaida okestra ndiyo hutangulia, ikafagia uwanja, ndipo mgeni wa heshima akaingia. Hii sivyo. Binti ataanza peke yake, ukumbi ukiwa kimya, kwa sauti ya chini. Na hapo ndipo pagumu. Kila kibao cha piano kina nyundo yake. Ukikibonyeza polepole mno, nyundo haifiki kwenye waya na husikii kitu. Nyumbani ana kinanda cha umeme, ambacho hakikudai uzito huo. Piano yenyewe huipata kanisani, ibada ikiisha.

Vipimo vitano tu, yale mafungu madogo ya mapigo tunayohesabia muziki, basi. Okestra inamjibu, tena kutoka ufunguo mwingine kabisa, kama mtu uliyemwamkia kwa Kiswahili akakuitikia kwa Kijaluo. Halafu binti anaweka mikono mapajani mpaka kipimo cha 74. Hizo ni zaidi ya dakika mbili.

Wiki ya kwanza dakika hizo zilimtesa. Alisugua vidole, akarekebisha kiti, akahesabu kwa midomo. Akirudi kupiga, alikuwa kama abiria aliyedandia matatu ikienda. Wiki ya pili akatugeuzia uso, akawa anapumua nasi. Siku hiyo aliporudi, sikujua fidla zetu ziliishia wapi na piano ikaanzia wapi. Nairobi hii haina upungufu wa vijana wenye vidole vya moto. Masikio kama yale nimeyaona mara chache.

Sehemu ya pili ni fupi, na hapo wanaobaki na piano ni sisi wa nyuzi peke yetu. Tunaanza kwa ukali, sote sauti moja, kama wazee waliokasirishwa barazani. Piano inajibu kwa upole. Tunafoka tena, inajibu vilevile. Polepole sisi ndio tunaoshusha sauti. Wenye tarumbeta na ngoma, msiwaonee huruma wakikaa bure: kazi yao inaanza sehemu ya tatu.

Beethoven mwenyewe aliipiga mbele ya umma tarehe 22 Desemba 1808, Vienna, katika tamasha lililodumu saa nne hivi ndani ya ukumbi wenye baridi kali. Sisi wa Julai ya Nairobi tunaielewa habari hiyo. Usiku huohuo kipande kingine kilivurugika katikati, ikabidi waanze upya. Kwa hiyo tukikosea leo, tuna mfano mzuri. Baada ya hapo konseto hii ilisahaulika karibu kabisa, hadi mtunzi mwenzake Mendelssohn alipoifufua mwaka 1836.

Makofi je? Kuna watakaowakodolea macho mkipiga baada ya sehemu ya kwanza. Mimi simo; enzi za Beethoven watu walipiga. Kati ya sehemu ya pili na ya tatu tu, nawaomba, tulieni, maana hakuna kituo hapo.

Na yule mwenye kijiti ni kondakta, ndiyo, watoto, lakini hakusanyi nauli. Naona ananiashiria. Zimeni simu. Fidla yangu bado iko kwenye kasha.