Kipindi cha 41: Mtunzi Hajulikani

ZAKAYO: Wapendwa, Bwana asifiwe. Nilipanga leo tuanze taratibu, nisome salamu za wasikilizaji, lakini dada Neema ameingia hapa na uso ule. Mliokuwa nasi tangu kipindi cha kwanza mnaujua.

NEEMA: Uso upi?

ZAKAYO: Wa soprano aliyeambiwa leo aimbe alto.

NEEMA: Mwalimu, usinichekeshe, nina jambo. Jumapili nilikwenda kanisa fulani. Silitaji, wala msinitumie ujumbe wa kubahatisha. Nilikwenda kama mgeni, nikakaa safu ya nyuma kabisa. Sifa zikaanza. Pambio la kwanza, la pili. La tatu kinanda kikapiga utangulizi, nikasema moyoni, mbona hii naijua? Maneno yakatokea kwenye skrini. Wimbo wangu.

ZAKAYO: Usiniambie ni ule wa ubeti wa pili.

NEEMA: Ule ule.

ZAKAYO: Kwa wageni: ubeti wa pili wa wimbo huo ulimchukua miezi saba. Tunaujua kuliko historia ya wokovu wetu.

NEEMA: Miezi saba, ndiyo. Sasa chini ya skrini, kwa herufi ndogo, wameandika: "Mtunzi: hajulikani."

ZAKAYO: Aa!

NEEMA: Hajulikani! Nami nimekaa pale, ninapumua, kitambulisho kimo mkobani. Basi nikaimba. Labda niliimba kwa nguvu kidogo, nakiri. Dada aliyekuwa kando yangu akanigusa bega, akaninong'oneza kwa upole kabisa: "Mpendwa, ubeti wa pili unaukosea."

ZAKAYO: [anacheka] Ngoja. Ngoja nipumue.

NEEMA: Wameubadilisha! Mimi niliandika "nimengoja", wao wameandika "nimeshinda". Ubeti mzima ni mtu anayengoja. Hajapata bado, ndiyo maana kiitikio kinakuja na maombi. Sasa kama ameshashinda kwenye ubeti wa pili, kwenye kiitikio analilia nini?

ZAKAYO: Watu hawapendi kungoja, dada. Hata kwenye wimbo.

NEEMA: Sijamaliza. Natoka, mlangoni kuna meza, juu ya meza fulashi. "Nyimbo 300 za kuinua moyo, toa sadaka ya ujenzi." Nikaomba kuona orodha. Kuanzia namba 38 ni albamu yangu, yote. Nikatoa sadaka, nikajinunua.

ZAKAYO: Ulijitambulisha kwa mtu?

NEEMA: Kwa kiongozi wa sifa. Kijana mzuri tu, akafurahi kwelikweli, akaita wenzake tupige picha. Nikamwuliza habari ya jina langu kwenye skrini. Akaniambia, "Mtumishi, utukufu ni wa Mungu."

ZAKAYO: Hapo hata mimi nakataa. Utukufu ni wa Mungu, lakini bango la nje lina jina la mchungaji na picha yake akiwa na suti.

NEEMA: Asante.

ZAKAYO: Usishukuru mapema. Nimeandaa mambo matano ya kuwafundisha walimu wa kwaya kuhusu hakimiliki, nimeyaandika Jumatatu usiku, yako hapa. Lakini kabla hatujayafikia kuna hadithi ya ng'ombe.

NEEMA: Ng'ombe gani tena?

ZAKAYO: Wa Ayalandi. Karne ya 6. Kuna mtawa aliitwa Columba, ambaye leo ni mtakatifu. Inasimuliwa kwamba aliazima kitabu cha Zaburi cha mwalimu wake, Finnian, na usiku akakinakili chote kwa mkono, kwa siri. Finnian akagundua, akadai nakala. Columba akakataa: wino wake, mkono wake, usingizi wake. Wakafika kwa mfalme Diarmait. Mfalme akaamua kwa sentensi moja. Kila ng'ombe na ndama wake, kila kitabu na nakala yake.

NEEMA: Yaani nakala ni ndama, na ndama ni wa mwenye ng'ombe.

ZAKAYO: Ndiyo hukumu. Columba hakuikubali. Simulizi zinasema ugomvi huo ulichangia vita ya mwaka 561 hivi, watu wakafa wengi. Mwaka 563 akahama Ayalandi, akaenda kisiwa cha Iona kuanzisha monasteri. Na Dublin mpaka leo imehifadhiwa hati ya kale ya Zaburi ambayo mapokeo yanasema ndiyo nakala yenyewe.

NEEMA: Ndama yupo hai!

ZAKAYO: Ndama yupo maktabani.

NEEMA: Basi kesi yangu imekwisha. Nyimbo 300 kwenye ile fulashi, ndama wangu wamo humo. Warudi zizini.

ZAKAYO: Polepole. Fahali alikuwa wa nani?

NEEMA: Fahali wa nini?

ZAKAYO: Ndama hazaliwi na ng'ombe peke yake. Ule muziki wa kiitikio chako, tusidanganyane, dada. Nimefundisha kwaya miaka 22. Mstari wa kwanza wa kiitikio unapanda sawasawa na wimbo mmoja wa vitabuni ambao bibi yangu aliuimba akifagia. Fahali ametoka zizi la jirani.

NEEMA: Wimbo wa bibi yako mtunzi wake amekufa zamani! Sheria inasema mtunzi akifa, inahesabiwa miaka. Mkataba wa Berne, ule wa 1886 ambao nchi nyingi zimeufuata, unataka isipungue 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingine zimeweka 70. Baada ya hapo wimbo ni wa wote. Fahali ni wa kijiji. Anazurura.

ZAKAYO: [anacheka] Fahali wa kijiji!

NEEMA: Lakini tafsiri ya huo wimbo, kama imefanywa juzi, ni ya mtafsiri. Hapo ndipo kwaya nyingi zinapoanguka: wimbo una umri wa miaka 200, maneno unayoimba yana umri wa miaka 15.

ZAKAYO: Kwa hiyo mtafsiri ndiye nani? Mchungaji wa ng'ombe?

NEEMA: Mtafsiri ni ndama aliyekua.

ZAKAYO: Fundi wetu wa sauti ananionyesha karatasi kwenye kioo. Ameandika, "Na maziwa je?"

NEEMA: Swali zuri. Maziwa ni pesa za watazamaji wa mtandaoni. Kwaya inarekodi wimbo wa mtu, inaupandisha, watu wanatazama, matangazo yanaingia. Anayekamua ni nani?

ZAKAYO: Aliye karibu na chuchu. Siku zote.

NEEMA: Mwalimu!

ZAKAYO: Samahani, wapendwa. Turudi kwenye mambo matano. La kwanza...

NEEMA: Kabla ya la kwanza, nijibu. Wamenikosea au hawajanikosea?

ZAKAYO: Jina, wamekukosea. Ubeti, wamekukosea sana. Fulashi, hiyo ni biashara yenye joho la ujenzi. Ila kuimba? Kuimba sikubali. Wimbo wa ibada mkusanyiko ukishauimba, umekwisha kuwa wa mkusanyiko. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu. Mtoto ni wa mwenye kitanda. Wimbo umezaliwa kanisani, ni wa kanisa.

NEEMA: Haukuzaliwa kanisani. Ulizaliwa kwenye meza yangu.

ZAKAYO: Lakini wewe mwenyewe, kwenye uzinduzi, nilikuwepo, ulisimama ukatoa ushuhuda kwamba wimbo huu ulipewa. Saa tisa usiku, ndotoni. Kama ulipewa, umiliki unatoka wapi? "Mmepata bure, toeni bure."

NEEMA: Mathayo 10:8. Endelea mpaka mstari wa 10: mtenda kazi anastahili posho lake. Ni sura hiyo hiyo, hata ukurasa hugeuzi. Na nilipewa mistari minne, Mwalimu. Minne! Ubeti wa pili sikupewa. Ubeti wa pili nilipigana nao miezi saba. Nilifuta, nikaandika, nikafuta. Nililipa studio. Nililipa mpiga besi ambaye alichelewa saa tatu.

ZAKAYO: Sasa tufanye hesabu. Kanisa lile lingelazimika kukutafuta, kukuomba, pengine kukulipa. Unadhani wangefanya? Wangeimba wimbo mwingine. Yule dada aliyekusahihisha asingeujua kabisa.

NEEMA: Basi asingeujua.

ZAKAYO: Husemi hivyo kwa moyo.

NEEMA: Nasema kwa moyo wote. Nyimbo zipo tele za watunzi waliokwisha kufa, waimbe hizo. Kuna mwimbaji wa Marekani, Keith Green, mwaka 1980 alitoa albamu, akasema kila mtu alipe anachoweza, hata kama hana kitu apewe. Namheshimu. Lakini aliamua mwenyewe! Huwezi kuingia mfukoni mwangu ukatoa sadaka kwa niaba yangu, halafu ukaniambia nimebarikiwa kwa ukarimu wangu.

ZAKAYO: Hiyo ni ya fulashi. Fulashi nimeshakupa. Mimi nasemea kuimba. Hata sheria ya Marekani kwenyewe, kuimba wimbo wa kidini ndani ya ibada hakuhitaji ruhusa.

NEEMA: Kuimba, ndiyo. Kunakili maneno kwenye projekta, hapana. Kurusha ibada mtandaoni, hapana. Msamaha unaishia kwenye kuta za ibada, na makanisa siku hizi hayana kuta, yana kamera tatu. Unajua leseni zile za makanisa zilianzaje? Parokia za Chicago zilikuwa zinajidurufia vitabu vya nyimbo. Mchapishaji akaenda mahakamani. Mwaka 1984 ikaamuliwa alipwe zaidi ya dola milioni 3.

ZAKAYO: Rufaa ikapunguza sehemu kubwa. Sema yote.

NEEMA: Ikapunguza, lakini makanisa yalishaogopa. Mwaka 1988 ikaanzishwa CCLI, shirika la kutoa leseni za nyimbo kwa makanisa: kanisa linalipa ada kwa mwaka kulingana na ukubwa wake, linaripoti nyimbo linazotumia, watunzi wanagawiwa. Kanisa dogo linalipa kidogo. Kwa hiyo usiniambie haiwezekani.

ZAKAYO: Inawezekana kwa mtunzi aliyesajiliwa. Kwa kwaya ya watu 14 yenye kinanda kimoja ambacho fa yake haishuki? Mimi nimedurufu nyimbo maisha yangu yote. Niliandika nota kwa programu ya wizi kwa miaka sita. Ninasema hewani. Bila hivyo kwaya ile isingekuwepo. Na vijana wawili kati ya wale leo wanatunga.

NEEMA: Na ukidurufu nyimbo zao utajisikiaje?

ZAKAYO: Nitafurahi zinaimbwa.

NEEMA: Umeniuliza mimi niliyetunga, ukajijibu wewe uliyefundisha. Hujawahi kutunga, Mwalimu. Nasema kwa upendo.

ZAKAYO: ...Hiyo imeuma kidogo.

NEEMA: Nilisema kwa upendo.

ZAKAYO: Nimesikia. Ila na wewe hujawahi kusimama mbele ya sauti ya tatu wanaume wanne, nakala moja ya nota, na Pasaka ni wiki ijayo. Utanakili, dada. Utanakili na mkono hautatetemeka.

NEEMA: Nitapiga simu.

ZAKAYO: Kwa mtunzi hajulikani?

NEEMA: Hajulikani kwa sababu wamefuta jina! Ndiyo hoja yangu! Luther mwenyewe, mwaka 1525, aliibiwa mahubiri yake yaliyokuwa bado kiwandani, yakachapwa mji mwingine kabla hajamaliza kuyaandika. Akawaandikia wachapishaji akiwafananisha na wanyang'anyi wa barabarani. Unajua alilolalamikia zaidi? Makosa yaliyojaa humo. Walimharibia maneno.

ZAKAYO: Walimwandikia "nimeshinda".

NEEMA: Walimwandikia "nimeshinda"!

ZAKAYO: Kwenye ubeti nipo nawe. Nitaandamana nawe. Kwenye kuimba sihami.

NEEMA: Nami sihami. Maandiko yanakataza kumfunga kinywa ng'ombe apurapo nafaka, na Paulo alimtaja ng'ombe huyo akizungumzia watumishi na ujira wao.

ZAKAYO: Tumerudi kwa ng'ombe.

NEEMA: Hatukuwahi kuondoka.

ZAKAYO: Fundi ananionyesha vidole. Dakika mbili. Dakika mbili! Na mambo matano hatujagusa. Haya, haraka haraka. La kwanza: "Mwandikieni mtunzi kuomba ruhusa kabla ya kuimba wimbo wake."

NEEMA: [anacheka] Soma tena.

ZAKAYO: Sisomi.

NEEMA: Hiyo karatasi umeiandika wewe?

ZAKAYO: Niliandika Jumatatu. Leo Alhamisi. Kati ya Jumatatu na Alhamisi mtu anakua.

NEEMA: La pili linasemaje?

ZAKAYO: La pili ni refu. Tuache. La tatu ni jina la mtunzi kwenye skrini, hilo tumekubaliana. La nne sioni vizuri, nimelichafua kwa wino. Tutayaleta siku nyingine, au tusiyalete.

NEEMA: Yule kiongozi wa sifa alinitumia ujumbe jana. Amebadilisha skrini. Ameweka "Mtunzi: Neema, mgeni wa Jumapili."

ZAKAYO: Na ubeti?

NEEMA: Ubeti amesema ataupeleka kwenye kamati.

ZAKAYO: Basi ungoje.

NEEMA: Nimengoja miezi saba, wiki mbili si kitu. Wapendwa, wiki ijayo tunaongelea ratiba za harusi, na Mwalimu ameahidi hatataja mifugo.

ZAKAYO: Sikuahidi. Fundi anauliza tena kuhusu maziwa.

NEEMA: Zima, fundi. Zima kabla hajaj...