Kabla hujachoma tofali, angalia jua linatokea wapi

Haya ndugu zangu wa Dodoma, wengine mmeshanisikia nikiyasema haya na leo nayasema tena, kwasababu kila nikipita vijijini nakuta tanuri jipya linafuka. Mmekata miti, mmechoma tofali, mmepandisha ukuta, juu bati tupu bila dari, halafu saa nane mchana familia nzima iko nje chini ya mti. Sasa hiyo nyumba mmemjengea nani?

Kabla ya fundi na kabla ya tofali, jua kwanza. Huku tuko kama digrii 6 kusini ya ikweta, jua la mchana linapita juu ya paa, hilo upenu unalimudu. Linalotutesa ni la asubuhi na la jioni, linakuja chini chini, upenu hauliwezi, linaingia dirishani mpaka kitandani. Kwahiyo nyumba ilale mashariki kwenda magharibi, kuta fupi ndo zipigwe na jua, madirisha yakae kaskazini na kusini yatazamane upepo upite. Hii haikuli hata shilingi, ni kugeuza kamba tu kabla msingi haujachimbwa, lakini watu wanaigeuzia nyumba barabarani ionekane! Jamani, barabara hailali humo ndani.

Na tofali msichome, jengeni kwa tofali mbichi za udongo. Najua mtaniambia nyumba ya udongo ni ya maskini, mvua moja tu kwisha. Haya, mji wa Shibam kule Hadhramaut, Yemen, walikotoka wazee wa Washihiri wetu wa pwani, kuna maghorofa ya tofali mbichi, mengi ya karne ya 16, na watu wanaishi humo mpaka leo. Mji uliingia Urithi wa Dunia mwaka 1982. Wanakandika upya ukuta ukichoka, basi. Kilichowaumiza ni mafuriko ya 2008, yani maji. Kwahiyo pambana na maji: msingi wa mawe uinuke juu ya ardhi, upenu utoke nje vya kutosha, maji ya paa yasidondokee ukutani.

Na udongo upimwe. Ondoa ule wa juu wenye mizizi, chukua wa chini, jaza nusu chupa inayoonyesha ndani, weka maji na chumvi kidogo, tikisa sana, iache mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, udongo wa mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukizidi tofali litapasuka likikauka, ongeza mchanga upime tena, usione uvivu hapa. Anayetaka tofali gumu zaidi kuna mashine ya mkono ya tofali za kufungamana, unachanganya saruji kidogo, unashindilia, huchomi hata kijiti.

Bati sikatazi, linatuvunia maji. Ila weka dari, hata ya matete, na matundu ya hewa pande mbili joto litoke. Mchwa tutauongea siku nyingine, na jiko sijaligusa kabisa na mwenyekiti ananionyesha saa, basi lisiungane na chumba cha kulala na moshi upate pa kutokea juu. Mama pale ulinyoosha mkono muda mrefu, karibu uulize.